Jirani Si Kipimo cha Afya Yako

Popote ulipo muda huu, iwe Kilosa mjini jirani na stesheni, Kimamba, Rudewa, Dumila, Ilonga au Ulaya yetu ya hapa Kilosa, au kule Mikumi kando ya barabara kuu ya Iringa, karibu tuzungumze. Mazungumzo ya leo ni ya afya, ila hayahusu ugonjwa mmoja. Yanahusu tabia ambayo karibu kila mmoja wetu anayo, na ambayo inatuumiza kuliko tunavyodhani: tabia ya kuipima afya yetu kwa kumtazama mtu mwingine. Mtu akiulizwa habari za afya anajibu, mzima, namshukuru Mungu. Mbane kidogo, mwulize amejuaje kuwa ni mzima, na mara nyingi jibu litaanza na mtu mwingine. Mbona fulani amenizidi umri na bado analima ekari tatu? Mbona jirani anaongeza chumvi mezani kila siku na hajawahi kulazwa? Mbona mwenzangu alikunywa mlonge mwezi mmoja tu na tumbo likaisha? Hoja yangu ni fupi na nitairudia ili isipotee njiani: jirani si kipimo. Njia yako ya kuitunza afya itatokana na mwili wako, kazi yako na msimu uliomo, na maendeleo yako utayaona kwenye kumbukumbu zako mwenyewe. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kisha nitajibu pingamizi, kwa sababu zipo, na nyingine ni za haki kabisa.

Kwanza tujiulize, kwa nini tunafanya hivyo? Si kwa ujinga wala kwa wivu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliandika makala ambayo wasomi wanairejea mpaka leo. Alisema binadamu ana kiu ya kujua yuko wapi, na pale anapokosa kipimo cha wazi hujipima kwa watu waliomzunguka. Hebu tulitazame jambo hili kwa macho ya Kilosa. Mkulima wa mahindi wa Rudewa hamtazami jirani ili ajue amevuna kiasi gani. Anahesabu magunia yake. Lakini presha haihesabiki kwa magunia, na sukari iliyo kwenye damu haionekani. Basi macho yanahamia kwa watu, na macho yanaona vitu viwili tu: umbo la mtu na nguvu zake. Ndiyo maana kijana akirudi kutoka Dar es Salaam amenenepa tunamshangilia, umenawiri, mjini kumekukubali! Akirudi amepungua, sauti zinashuka. Mbele yake hakuna anayesema kitu, akishapita minong'ono inaanza. Na hili lina historia yake. Miaka ya 1980 na 1990, kabla dawa za kufubaza virusi hazijatufikia, UKIMWI ulikondesha watu mbele ya macho yetu, na tangu wakati huo kukonda kumebaki na jina baya. Sasa mfikirie mama mwenye kisukari ambaye daktari amemshauri apunguze uzito. Amepunguza sukari kwenye chai, ameacha maandazi ya kila asubuhi, ameanza kutembea, na mwezi wa pili nguo zinampwaya. Anakutana na shoga yake sokoni. "Mwenzangu, vipi, unaumwa?" Swali limetoka kwenye upendo mtupu, lakini juhudi yote ya miezi miwili inaanza kuyumba palepale.

Na hicho tunachokiona kwa macho kinadanganya. Mwaka 2012 ulifanyika nchini utafiti wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyo ya kuambukiza, ukihusisha watu wazima wa kuanzia miaka 25 hadi 64. Ulionyesha kuwa karibu mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kwamba duniani kote karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hilo hawajui kama wanalo. Msikilizaji, naomba tukae hapa kidogo. Karibu nusu hawajui. Wanalima, wanaendesha bodaboda, wanacheza ngoma harusini, na majirani zao wanawatolea mfano wa uzima! Huyo fulani anayeongeza chumvi mezani na hajawahi kulazwa, umejuaje kuwa ni mzima? Kama hajapimwa, hata yeye hajui. Kwa hiyo kulinganisha kunatupotosha pande mbili kwa wakati mmoja. Aliye mgonjwa kunamfanya ajione mzima, kwa sababu anafanana na watu anaodhani ni wazima. Aliye katika njia nzuri kunamfanya ajione mgonjwa, kwa sababu hafanani nao tena. Upande huo wa pili huwa hatuusemi sana, lakini kwa maoni yangu ndio unaowarudisha nyuma watu wengi walioanza vizuri.

Tuingie sasa kwenye miili yenyewe. Kilosa ni mahali pazuri pa kulieleza hili, maana wilaya hii ina wakulima na wafugaji wanaoishi bega kwa bega. Wapo Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, ambao ni wenyeji wa milima na mabonde haya, na wapo Wamaasai, Waparakuyo na Wabarabaig na ng'ombe wao. Mimina maziwa yaliyochemshwa kwenye vikombe viwili, kimoja umpe mzee wa boma la wafugaji, kingine mzee ambaye ukoo wake umekula ugali na mboga kwa vizazi vingi. Wa kwanza atakunywa na kuomba kingine. Wa pili huenda akalala na tumbo lililojaa gesi na kuamka usiku kwenda chooni. Kuna aliyekosea hapo? Hakuna. Mwaka 2007 watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua badiliko dogo la kurithi, linalopatikana zaidi kwa jamii za wafugaji, ambalo humwezesha mtu mzima kuendelea kusaga sukari ya maziwa kama alivyofanya utotoni. Badiliko hilo si lile lililokwisha kujulikana kwa watu wa bara la Ulaya; lilitokea hukuhuku Afrika Mashariki, kwa njia yake lenyewe. Asiye nalo akiambiwa "kunywa maziwa glasi mbili kila siku kama Mmaasai upate nguvu," anaambiwa auige mwili ambao si wake. Wengi wa namna hiyo huyavumilia zaidi maziwa mgando, kwa sababu bakteria wanaoyagandisha wameshakula sehemu ya sukari hiyo. Hilo mtu hulijua kwa kulisikiliza tumbo lake.

Mfano wa pili unahusu usingizi, nao umetoka nchini kwetu vilevile. Kule ziwa Eyasi wanaishi Wahadza, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti ambapo watu wazima 33 wa kambi zao walivaa vifaa vidogo mkononi kwa siku 20, vikirekodi nani amelala na nani yuko macho. Unadhani kwa siku zote hizo ni muda gani ambao watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja? Dakika 18 tu, ukijumlisha zote. Wazee walilala mapema na kuamka mapema, vijana walichelewa kulala na kuchelewa kuamka, na wengine walizinduka katikati ya usiku kisha wakalala tena. Watu hao hawakuwa na taa za umeme. Basi kabla hujamwita mwanao mvivu, au wewe mwenyewe hujajiona mgonjwa kwa sababu usingizi unakuishia saa kumi alfajiri wakati mwenzako anakoroma mpaka saa moja, kumbuka kwamba saa za kulala za watu hazijawahi kufanana.

Na chakula? Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israel walichapisha matokeo ya watu 800 waliofuatiliwa sukari ya damu mfululizo kwa wiki nzima huku wakila vyakula vinavyojulikana. Alipatikana mtu ambaye akila ndizi sukari inaruka juu, lakini akila biskuti haisogei sana. Akapatikana mwingine ambaye ni kinyume chake kabisa. Nisieleweke vibaya hapa: sijasema biskuti ni chakula cha kisukari, na soda haiwi dawa kwa sababu miili inatofautiana. Ninachosema ni kwamba mwenzako akikuambia ameacha wali akahamia kwenye ugali wa dona na sukari ikatulia, hiyo ni habari njema kuhusu mwili wake. Kuhusu wako atakayekujibu ni kipimo chako, asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya kula. Waswahili tuna msemo, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwili unaouona barabarani umeundwa na urithi, na utoto, na kazi, na magonjwa yaliyopita, na mengi ambayo mwenyewe hajakusimulia.

Nimesema mwili, kazi na msimu. Naomba niwe na muda na hili la kazi, kwa sababu ushauri mwingi wa afya unaotufikia kwenye simu umetungwa kwa ajili ya mtu anayekaa ofisini. Mfikirie mkata miwa wa Ruhembe wakati wa msimu. Anaingia shambani alfajiri kwenye miwa iliyochomwa, panga mkononi, masizi usoni, na jua likishapanda anatoka jasho mpaka shati linaganda mgongoni. Umwambie nini huyu, akimbie asubuhi? Kwake mazoezi si tatizo. Anachohitaji ni maji ya kutosha, kivuli na muda wa kupumzika. Huko Nicaragua na El Salvador wakata miwa wengi wamepatwa na ugonjwa wa figo, na madaktari wanauhusisha na kazi nzito juani na upungufu wa maji mwilini. Kisha mtazame dereva wa lori anayesimama Mikumi usiku. Ametoka Dar es Salaam, karibu kilomita 300, amekaa kwenye kiti muda wote huo, akaendesha kwa uangalifu ndani ya hifadhi ya Mikumi asigonge nyati, na sasa anaagiza chipsi mayai na soda mbili kabla ya kupanda mlima kuelekea Iringa. Maji anayapata, kivuli anacho. Anachokikosa ni kutembea, na mboga za majani. Na mama lishe anayempikia? Yeye amesimama tangu alfajiri, anaonja kila sufuria, anakula mwisho kabisa saa nne za usiku, na analala saa chache. Watu watatu, ndani ya wilaya moja, na nasaha iliyo nzuri kwa mmoja haina maana kwa mwingine. Mkata miwa akijilinganisha na dereva kwa sababu dereva ana shavu zuri, amepotea. Dereva akijipa moyo kwamba naye ni mtu wa kazi ngumu kama mkata miwa, amepotea zaidi.

Hapohapo kuna jambo linalowakatisha tamaa wengi. Mtu anaanza kutembea kila jioni, mwenzake aliyeanza naye siku moja anapungua, yeye mizani haitikisiki. Anaacha. Wale Wahadza wanatusaidia tena. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti uliopima nishati ambayo Wahadza wanaitumia kwa siku. Kila mtu alitarajia iwe nyingi kupita ya Wamarekani wanaokwenda kazini kwa gari. Ukizingatia ukubwa wa mwili, haikutofautiana sana. Inaonekana mwili unaozoea kutembea hubana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo kutembea peke yake si lazima kupunguze kilo, na asiyepungua hajashindwa. Faida iko kwenye moyo, kwenye mishipa, kwenye sukari, kwenye usingizi, na hizo mizani haizioni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli inayokufanya upumue haraka kidogo, na linahesabu kulima, kuendesha baiskeli kwenda mnadani na kubeba maji. Huenda wewe umeshazimaliza dakika zako kabla ya Jumatano.

Sasa, kama jirani si kipimo, kipimo ni nini? Jibu tunalo majumbani mwetu, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti. Ni kadi ya kliniki ya mtoto. Kumbuka siku ya kupima watoto inavyokuwa: mizani imening'inizwa kwenye boriti au kwenye tawi la mti, mtoto amevishwa kaptura ya kitambaa yenye mikanda, ananing'inia huku akilia, mshale unacheza kisha unatulia. Muuguzi anasoma, anaweka nukta kwenye kadi, halafu anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Anauliza nini baada ya hapo? Haulizi kama mtoto huyu ni mnene kuliko mtoto wa jirani aliyeko kwenye foleni. Anatazama mstari: unapanda, umelala, au unashuka? Mtoto mdogo wa umbo ambaye mstari wake unapanda sawasawa, muuguzi anamrudisha kwa mama yake akiwa na amani. Mtoto mkubwa ambaye mstari umelala miezi miwili, mama anawekwa kando waongee. Kuna nini nyumbani? Aliharisha? Umerudi shambani na kumwachia dada yake ambaye naye bado ni mtoto? Mkoa jirani wa Iringa ulilionyesha jambo hili kwa upana. Kuanzia mwaka 1983, katika mpango ulioungwa mkono na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, wanakijiji wa vijiji 168 walipima watoto wao wenyewe, wakakaa na matokeo, wakajiuliza sababu, wakachukua hatua walizoziweza, kisha wakapima tena. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Siri haikuwa kwenye mizani peke yake. Ilikuwa kwenye kuuliza sababu, na kurudi kupima tena. Basi nauliza, kwa nini utaratibu huu tunaujua vizuri hivyo kwa mtoto, na akifikisha miaka mitano kadi inafungiwa sandukuni, na kuanzia hapo afya yake inapimwa kwa kutazamwa na majirani?

Hapa msikilizaji makini atanisimamisha. Atasema, subiri, ile mistari iliyochapwa kwenye kadi si ilitokana na watoto wengine? Huko nako si kulinganisha? Pingamizi hili ni zuri na ninalikubali nusu. Ni kweli, viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa mwaka 2006 vilitokana na maelfu ya watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, waliochaguliwa kwa sababu walinyonyeshwa na kulelewa katika mazingira mazuri. Presha nayo ni hivyo hivyo: kile kiwango cha 140 kwa 90 kimepatikana kwa kufuatilia watu wengi sana kwa miaka mingi, kuona ni wapi kiharusi na ugonjwa wa moyo vinaanza kuongezeka. Lakini tazama tofauti. Kiwango kimepimwa, kinajulikana kimetoka wapi, na kinakuambia hatari inaanzia wapi. Jirani hajapimwa, hujui amebeba nini, na kesho anaweza kuanguka. Kiwango kinakuwekea mpaka. Ndani ya mpaka huo njia ni yako. Kwa hiyo sisemi tusijilinganishe na chochote. Nasema tuache kumtumia mtu mmoja tunayemwona kana kwamba yeye ndiye kiwango.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wauguzi na madaktari. Wanasema, ukiwaambia watu kila mmoja ana njia yake, kesho mgonjwa ataacha dawa na kusema njia yangu ni mizizi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini hebu tukumbuke mwaka 2011. Maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Simwongelei vibaya mzee huyo, ameshatangulia mbele ya haki. Ninachotaka tukione ni namna habari zilivyosafiri: fulani amekunywa, amepona. Mwenye kisukari, mwenye pumu, mwenye virusi vya UKIMWI, wote kikombe kilekile kwa kipimo kilekile, na wataalamu wa afya wakawa wanawasihi watu wasiache dawa zao. Mnaona? Aliyeacha dawa hakuiacha kwa sababu alifuata njia yake binafsi. Aliiacha kwa sababu alifuata ya mtu mwingine. Ni ugonjwa uleule unaotufanya tuazimane vidonge vya presha, mama mkwe akimpa mkwewe viwili "maana vilinisaidia sana," wakati aina ya dawa na kiasi chake vilipangwa kwa ajili ya mwili mmoja baada ya kupimwa. Na yapo mambo ambayo sina njia binafsi ya kukupa. Chanjo ya mtoto haina njia binafsi. Dozi ya kifua kikuu humalizwa kama ilivyopangwa. Chandarua kinatandikwa kwa kila mtu, maana mbu wa bonde la mto Mkondoa hachagui. Homa ya mtoto inakwenda zahanati kupimwa malaria usiku huohuo, haingojei ushauri wa shangazi.

La tatu linatoka kwa mwananchi mwenyewe, nalo ndilo linalonigusa zaidi. Anasema, mwenzetu unaongea habari za kuchagua njia, sisi tunachagua kwa kitu gani? Januari hadi Machi ghala limekwisha, mahindi mapya bado yako shambani, tunakula kinachopatikana. Ni kweli. Na kuna nyakati ambazo hakuna juhudi ya mtu mmoja itakayotosha. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na kuingia 2010, ukabomoa nyumba na kung'oa reli, maelfu ya watu wa Kilosa waliishi kwenye mahema. Waliokuwa mle walihitaji maji safi, vyoo na barabara, na hayo ni wajibu wa serikali na wa jamii nzima. Ninalisema kwa uzito: asitokee mtu wa kumwambia maskini kwamba ugonjwa wake ni uzembe wake. Ila nalo hili lazima lisemwe, kwamba mwenye kidogo ndiye anayepoteza zaidi akiiga. Anayeuza kuku wawili ili anunue unga wa virutubisho uliomsaidia mtu wa mjini amepoteza mayai ya watoto. Matembele ya uani, mbaazi za Ilonga, mchicha, dagaa, mlenda, hivi vipo katika msimu wake, na anayezijua siku zake ngumu za mwaka hupanga mapema: hukausha majani ya kunde wakati yapo tele, huacha debe la mbaazi lisiuzwe. Mtu huyo ameshaanza njia yake hata kabla hajaenda kupimwa.

Wala simaanishi kwamba kila mtu ajitenge na wenzake. Vikundi vya mazoezi vya asubuhi, ambavyo siku hizi vimeenea mijini, sina ugomvi navyo hata kidogo. Nenda, ufurahi na wenzako. Lakini anayekwenda pole nyuma asichekwe, na asijisikie vibaya.

Nimalizie kwa mambo ya kufanya, kwa sababu najua mtu atauliza, basi nianzie wapi? Tafuta daftari la mtoto wa shule, lile dogo. Ukurasa wa kwanza andika tarehe ya leo. Ukienda zahanati kwa jambo lolote, hata kama umempeleka mtoto, mwombe muuguzi akupime presha, na uziandike namba zote mbili. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine ipimwe tena, na ikirudia, kaa na mganga mpange. Kama umeanzishiwa dawa, andika jina lake na saa unayoimeza. Andika unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi, kwa wiki moja tu, uone mwili wako unapendelea nini. Andika chakula kinachokusumbua. Baada ya miezi mitatu fungua kurasa hizo uzitazame kama muuguzi anavyoutazama mstari wa mtoto. Wa Mikumi mnayo Hospitali ya Mtakatifu Kizito, wa Kilosa mnayo hospitali ya wilaya, na vijijini mnazo zahanati na wahudumu wa afya wa jamii. Wapelekeeni daftari hilo, litawasaidia kuwahudumia.

Na kama leo huna hata mia ya nauli, chukua kamba. Simama wima ukutani, mtu akupime kwa kamba hiyo kuanzia kisigino mpaka utosini, ikate hapo. Ikunje katikati, kisha ile nusu uizungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila kubana tumbo. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, mafuta ya tumboni yameanza kuzidi, na ni wakati wa kupima presha na sukari. Wajawazito wasitumie kipimo hiki, na watoto wana kadi yao. Kamba hiyo imekatwa kwa urefu wako, kwa hiyo usimwazime mtu. Iweke ndani ya daftari, na mwezi ujao tarehe kama ya leo uizungushe tena.